Swali la 12: kisa cha dodoso la pombe katika sekondari moja ya Moshi

Dodoso lilikuwa na kurasa sita, na lilikuwa limepita kila mlango linalopaswa kupita: kamati ya maadili ya utafiti, ofisi ya mkoa, halmashauri, afisa elimu sekondari, mkuu wa shule. Wazazi walikuwa wamesaini ridhaa, na wanafunzi wenyewe waliulizwa kama wako tayari. Mtafiti, dada anayesoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii hapa Moshi, alitaka kujua vijana wa kidato cha pili na cha tatu wanatumia nini na tangu lini: pombe, sigara, ugoro, bangi, mirungi. Data zilipoingizwa kwenye kompyuta, pombe ilikuwa karibu haipo.

Shule yenyewe iko upande wa migombani, juu ya barabara kuu. Huko mbege, pombe ya ndizi na ulezi, haikosekani kwenye posa, ubatizo, kipaimara wala harusi, na mtoto anayetumwa kumjazia babu kata yake hazuiwi na mtu kuonja. Yeyote aliyekulia pale angeona kuwa matokeo hayaendani na maisha. Msimamizi wa dada huyu alikuwa na maelezo ya haraka: vijana wamedanganya, liandikwe hivyo kwenye sehemu ya upungufu wa utafiti, kazi iendelee.

Mimi kazi yangu ni takwimu, na aliniletea jedwali lake ili nimsaidie kulichambua. Maelezo ya msimamizi hayakuniingia. Ukishasema "wamedanganya" umeacha kuuliza. Vijana wale wale, kwenye karatasi zile zile, walikuwa wamejibu maswali mazito kuliko hilo: kupigwa nyumbani, kulala njaa, mawazo ya kujidhuru. Kama walikusudia kuficha mambo yao, mbona hayo waliyatoa na kuibana pombe peke yake? Nikamwomba aniletee makaratasi yenyewe.

Jedwali la kompyuta huonyesha jibu la mwisho tu. Aliyeingiza data anaona vema kwenye "Hapana", anaandika 2, anasonga mbele. Karatasi ina zaidi ya hapo, kwa sababu wanafunzi wa sekondari huandika kwa kalamu ya wino, na ukibadili mawazo kwa wino huna njia ila kukata. Tulipoanza kuzipitia moja moja, makato yalijitokeza mapema: vema kwenye "Ndiyo" imekatwa, mara nyingine kwa mistari mizito hadi karatasi imetoboka, na vema nyingine imewekwa kwenye "Hapana". Kurasa nyingine zilikuwa safi. Makato karibu yote yalikusanyika mahali pamoja, swali la 12.

Swali la 12 liliuliza: "Je, umewahi kunywa pombe ya aina yoyote?" Chini yake, kwa herufi nzito, palikuwa na maelekezo: "Kama jibu ni HAPANA, nenda swali la 27."

Kati ya 12 na 27 zilikuwemo kurasa mbili nzima: ulianza ukiwa na miaka mingapi, ulikunywa na nani, wapi, mara ngapi ndani ya siku 30 zilizopita, uliwahi kulewa, uliwahi kukosa shule kwa ajili ya pombe. Sasa weka kurasa hizo ndani ya darasa lenye madawati ya watu watatu watatu. Anayejibu "Hapana" anafunua kurasa mbili kwa mkupuo na kuendelea. Anayejibu "Ndiyo" anabaki palepale, kalamu inatembea. Jirani yake hahitaji kuangalizia anachoandika. Anamwona tu kwamba bado anaandika, na hilo limetosha.

Nilimwomba mtafiti anisimulie siku ile ilivyokwenda, tangu alipoingia darasani. Kuna jambo alilitaja kama la kawaida, nami nadhani ndilo lililoamua kila kitu. Kijana mmoja wa dawati la mbele alinyoosha mkono: "Madam, nikiweka hapana naruka mpaka wapi?" Akamjibu kwa sauti, kama mwalimu yeyote angefanya: mpaka la 27. Darasa zima likasikia. Ilikuwa karibu saa ya chakula. Kuanzia hapo kila mwanafunzi alijua kwamba kuna jibu la kumtoa mapema na jibu la kumweka, na kwamba atakayebaki ataonekana. Waliokwisha kuweka "Ndiyo" wakarudi kuikata.

Kwa hiyo palikuwa na misukumo miwili, na si vizuri kuichanganya. Mmoja ni woga wa kuonekana. Wa pili ni kuokoa muda, na huo hauhusiani na aibu hata kidogo. Frauke Kreuter na wenzake walionyesha mwaka 2011, kwa mahojiano ya simu, kwamba mtu akishagundua kila "ndiyo" inamletea maswali zaidi, huanza kusema "hapana" hata kwa mambo yasiyo na siri yoyote, kama vile nguo alizonunua. Waliyekuwa wakimhoji ni mtu mzima aliye peke yake na simu yake. Kijana wa kidato cha pili anayenusia makande ya mchana ana sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo.

Maelekezo ya kuruka yametoka kwenye madodoso ya kaya. Kule mhojaji anaulizia ana kwa ana, yeye ndiye anafunua kurasa, na anayehojiwa hajui nini kinafuata. Mtafiti wetu alilichukua dodoso la aina hiyo, akalitafsiri vizuri, akalipeleka darasani bila kubadili mpangilio. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa afya ya wanafunzi, ule unaojulikana kwa kifupi kama GSHS, ambao Tanzania iliufanya mwaka 2006 (Dar es Salaam) na tena mwaka 2014, hauna maelekezo ya kuruka. Asiyekunywa anajibu maswali yale yale kama anayekunywa, ila kila swali lina jibu linalomfaa, kama vile "sijawahi kunywa pombe" au "siku 0". Wote wanaandika kwa muda uleule, wote wanamaliza pamoja. Unaweza kuuona kama upotevu wa karatasi. Mimi naona ndiyo gharama ya kumlinda aliyesema kweli.

Kulikuwa na mengine ndani ya chumba kile. Mwalimu wa zamu alibaki darasani, kwa nia njema kabisa, akipita katikati ya madawati kama anavyosimamia mtihani. Kila karatasi ilikuwa na nafasi ya namba juu kulia, ambayo mtafiti aliikusudia kwa ajili ya kuingiza data, lakini wanafunzi wengi walijaza namba zao za orodha ya darasa bila kuambiwa. Mtoto wa Kitanzania akipewa karatasi yenye visanduku, na mwalimu amesimama nyuma yake, anajua ni mtihani, na mtihani una jibu sahihi. Jibu sahihi la swali la pombe shuleni analijua tangu darasa la tatu. Kwa bangi na mirungi hofu inazidi, maana Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inavigusa vyote viwili, na habari za mashamba ya mirungi ya wilaya ya Same kufyekwa watoto hawa wanazisikia redioni. Dodoso lenye namba yako mkononi mwa mgeni ni jambo la kufikiria mara mbili.

Kwamba namna ya kuuliza hubadili majibu ya vijana si jambo la kubahatisha. Mwaka 1998 Charles Turner na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science matokeo ya utafiti wa wavulana wa Marekani wa miaka 15 hadi 19. Wengine walijaza karatasi, wengine walisikiliza maswali kwa visikilizi na kubonyeza majibu kwenye kompyuta. Waliotumia kompyuta walikiri zaidi mambo ya ngono, dawa za kulevya na silaha. Wote ni vijana wa umri mmoja wa nchi moja, na tofauti ikatokana na chombo cha kujibia.

Tulizungumzia kutumia vishikwambi. Shule haina umeme wa uhakika na bajeti haikuruhusu. Hapo mtafiti akaleta wazo la sarafu, alilolisoma kwa Stanley Warner, mtakwimu aliyependekeza mwaka 1965 njia ya kumlinda anayejibu kwa kutumia bahati. Toleo lake rahisi liko hivi: kila mwanafunzi anarusha shilingi chini ya dawati. Ikitokea picha, anaandika "Ndiyo" bila kujali ukweli wake. Ukitokea upande wa pili, anajibu kweli. Hakuna awezaye kumnyooshea kidole aliyeandika "Ndiyo", kwa sababu huenda ni shilingi imemtuma. Hesabu yake inapendeza. Chukua mfano wa wanafunzi 200: kama 100 hivi watasukumwa na shilingi, na "Ndiyo" zote zikawa 130, basi 30 kati ya wale 100 wengine ndio waliokunywa kweli, yaani asilimia 30.

Niliipinga, na bado naipinga kwa shule hii. Kwanza ina gharama: kwa mfano huo huo, pengo la makosa, yaani kiasi ambacho makadirio yanaweza kukosea, linakuwa zaidi ya mara mbili ya lile la swali la moja kwa moja, hivyo ili kulirudisha unahitaji wanafunzi zaidi ya mara nne. Pili, na hili ndilo kubwa kwangu, unamtaka mtoto wa mlokole ambaye hajawahi kuonja aandike "nimekunywa" kwa sababu ya shilingi. Wengi hawataandika. Njia inayotegemea utii wa namna hiyo, katika shule ambayo vijana tayari wanaliogopa neno "Ndiyo", inakuletea uongo wa aina mpya ambao huwezi hata kuuona kwenye wino. Tulichohitaji kilikuwa cha chini zaidi: chumba ambamo kusema kweli hakuonekani.

Awamu ya pili ilipangwa hivi. Mikondo iliyokuwa haijaguswa ilipigiwa kura, nusu ikapata dodoso la zamani na nusu ikapata jipya lisilo na maelekezo ya kuruka. Walimu wote walitoka nje, na mkuu wa shule alilikubali hilo baada ya kuelezwa sababu. Nafasi ya namba ilifutwa. Madawati yalisogezwa, na waliozidi wakajazia bwaloni. Mbele kulikuwa na sanduku la kura lenye kufuli, kila mmoja akatumbukiza karatasi yake mwenyewe ikiwa imekunjwa. Pia vilisahihishwa vitu vidogo ambavyo havikuwa vidogo. Orodha ya vinywaji bado ilitaja viroba, vilivyopigwa marufuku tangu Machi 2017, na haikuitaja mbege kabisa.

Hapo kwenye mbege tulikaa muda mrefu. Maswali ya kiasi yalikuwa yameigwa kutoka kipimo cha unywaji wa pombe cha Shirika la Afya Duniani kiitwacho AUDIT, chenye maswali 10, kinachohesabu vinywaji vya gramu 10 za kilevi halisi. Kwa bia ya chupa hesabu inawezekana: mililita 500 zenye kilevi cha asilimia 5 ni karibu gramu 20, yaani vinywaji viwili. Mbege haikubali. Inaendelea kuchacha tangu inapochanganywa ulezi, ya leo si ya kesho kutwa, na kata inazunguka kutoka mkono hadi mkono, kila mtu akipiga mafunda yake. Ukimuuliza kijana amekunywa vinywaji vingapi, umemtwika hesabu ambayo hata mpishi wa pombe hiyo haiwezi. Mtafiti aliamua kuacha gramu na kuuliza mambo ambayo kijana anayajua: alikunywa siku gani, kwenye shughuli gani, na kama alijisikia kulewa. Alitumia kalenda ya siku 30 yenye Jumapili, siku za soko na sherehe za kijiji, wazo linalotokana na njia ya Linda na Mark Sobell ya kurudi nyuma siku kwa siku. Joel Francis na wenzake walikwisha kuitumia njia hiyo kwa vijana wa Mwanza na Kilimanjaro. Naongeza la kwangu: mwezi wa kuulizia una uzito. Ukiuliza siku 30 zilizopita shule zinapofunguliwa Januari, umeikamata Krismasi, na Krismasi ya Uchagani ni pale ukoo mzima unapopanda nyumbani kutoka Dar, Arusha na kwingine. Ukiuliza Septemba umeikosa. Awamu zote mbili zilifanyika ndani ya muhula mmoja, kwa hiyo kulinganisha mikondo kulibaki halali.

Wapo pia wanaozidisha. Kwa wavulana wa umri huu kujisifia kupo, na dodoso linalowalinda waoga linawapa uwanja wenye majigambo. Utafiti wa shule za Ulaya unaoitwa ESPAD, ulioanza mwaka 1995, uliweka kwenye orodha dawa isiyokuwepo duniani, relevin, ili kuwabaini wanaoweka vema kila mahali. Mtafiti wetu naye alibuni jina lake, ambalo silitaji kwa kuwa litatumika tena. Walioliwekea vema walikuwepo, wachache, na karatasi zao zilichambuliwa kando.

Takwimu zenyewe siziandiki hapa. Shule ni moja, na mtu wa Moshi akiziona atajaribu kubahatisha ni ipi. Naweza kusema mwelekeo: kwenye mikondo ya dodoso jipya waliosema wamewahi kunywa walikuwa wengi zaidi kwa wazi, na makato ya wino kwenye swali hilo karibu yaliisha. Kwenye mikondo ya dodoso la zamani, ingawa walimu walikuwa nje na sanduku lilikuwepo, makato yalirudi palepale. Kwa bangi na mirungi tofauti ilikuwa ndogo, na siwezi kusema kama ni kwa sababu matumizi ni machache au kwa sababu hofu ya polisi haiondolewi na sanduku. Ushahidi huu usipewe uzito kupita kiasi. Mikondo ni michache, na wanafunzi wa mkondo mmoja hufanana: wana kundi moja, wanakwenda sherehe moja. Ukiwa na darasa la watu 50 na mfanano mdogo tu wa 0.05 kati yao (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kabisa), wanafunzi 600 wa madarasa 12 wanakupa habari sawa na ya watu 174 hivi waliochaguliwa mmoja mmoja. Ninachokiamini kinasimama zaidi kwenye wino kuliko kwenye asilimia.

Kisha likaja jambo ambalo mafunzo ya takwimu hayamwandai mtu. Mwalimu wa nidhamu alimfuata mtafiti nje ya ofisi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba dada. Mimi sitaki majina. Nitajie mkondo tu."

Hakuwa mtu mbaya. Muhula uliopita alikuwa amempoteza kijana mmoja aliyeacha shule kwa ulevi, na alikuwa anatafuta pa kuanzia. Lakini mkondo mmoja una watu wasiofika hamsini, na kila mwalimu anajua ndani yake nani anashukiwa. Mkondo ukitajwa, watakaoitwa mstarini kesho yake ni walewale wenye sifa mbaya tayari, na kiboko hakitauliza nani aliandika nini. Dada alimjibu kwa heshima kwamba ahadi waliyopewa watoto ilikuwa ya shule nzima, na kwamba matokeo yatarudi shuleni yakiwa yamejumlishwa ya mikondo yote pamoja. Akajitolea kuja kuzungumza na walimu wote kuhusu namna ya kumsaidia kijana anayekunywa bila kumfukuza. Mwalimu hakufurahi, lakini alihudhuria mazungumzo hayo.

Mimi naona jibu lile lilikuwa sehemu ya vipimo sawasawa na kuondoa maelekezo ya kuruka. Kama mkondo ungetajwa, watafiti wote watakaofuata pale wangepata sufuri, nao wangeandika kwamba vijana wamedanganya.

Suala la mwisho lilitoka pembeni mwa karatasi moja ya awamu ya kwanza. Mtu alikuwa ameandika, nje ya visanduku, kwamba baba yake anamlazimisha kunywa na anaomba msaada. Kwa namba ya orodha iliyokuwa juu kulia angeweza kutafutwa. Tulibishana. Kumwita ofisini kungekuwa kuvunja ahadi mbele ya shule nzima. Kunyamaza hakukuwezekana kwa mtu aliyesoma mistari ile. Mtafiti alipeleka suala kwa kamati ya maadili. Uamuzi ukawa asiitwe mtu kwa jina: mwalimu wa unasihi, ambaye si wa nidhamu, apange kuonana na kila mwanafunzi wa mkondo huo mmoja mmoja, kwa mada ya maisha ya nyumbani, ili aliyeandika apate nafasi ya kusema mwenyewe akitaka. Katika awamu ya pili, ukurasa wa mwisho wa dodoso ukawa wa kuchanwa na kuondoka nao: namba ya bure ya msaada kwa watoto, 116, jina la cheo cha mwalimu wa unasihi na siku anazopatikana. Walioweka "Ndiyo" na walioweka "Hapana" waliuchana wote, hivyo hakuna aliyetoka na karatasi ambayo mwenzake hana.